Kompyuta ya gemu inayopozwa kwa maji, kwa joto na chumvi ya Mtwara: namna ya kuijenga na kuitibu inapozimika

Mwezi Desemba, saa nane mchana, kipimajoto kilichopo ukutani kwangu hapa Shangani husoma nyuzi 33. Anza hesabu zako zote na namba hiyo. Miongozo mingi inayozunguka mtandaoni imeandikwa na watu wa nchi za baridi ambao chumba chao kina nyuzi 21, na ukiifuata ilivyo utanunua rejeta (kile chenye mapezi na feni kinachopoza maji) ndogo, utalaumu pampu, kisha utauza mashine kwa hasara. Maji ya kompyuta hayawezi kuwa baridi kuliko hewa inayopita kwenye rejeta. Hewa ikiwa 33, maji yatakuwa 40 na ushee, na mashine iliyojengwa vizuri inaishi na hali hiyo bila shida.

Jambo la pili nalisema mapema kwa sababu limeniokolea muda mwingi. Mashine nyingi za maji ninazoletewa huja na maneno yale yale: "Fundi, inazima, nadhani ni maji." Maji husingiziwa mno. Kwa hiyo mwongozo huu una kanuni mbili ambazo sitakubali uziruke: jenga mashine ikiwa kavu kwanza na uijaribu mpaka uiamini, na inapozimika usiguse skrubu kabla hujaandika ilizimikaje.

Kama lengo lako ni kucheza tu na bajeti ni ya kubana, nunua kipoozeo kikubwa cha hewa na feni nzuri, utafurahi. Maji yanafaa pale kadi ya grafiki inapokula wati nyingi, chumba ni kidogo, na kelele za feni zinakukera. Na yanamfaa mtu aliye tayari kuitunza.

Anza na soketi

Kabla ya kuagiza chochote, pima umeme wa soketi utakayotumia. Kama hujazoea kushika mita kwenye umeme wa nyumba, mwite fundi umeme, maana hapo hakuna mazoezi. Pima alfajiri, mchana, na saa mbili usiku wakati kila nyumba imewasha. Kawaida yetu ni volti 230. Ukiona usiku zinashuka hadi 200 au chini yake, tatizo lako la kwanza la kuzimika umeshalipata, na bado hujanunua hata feni.

Kisha pima kati ya moto na ethi, halafu kati ya nyutro na ethi. Moto na ethi isome karibu sawa na moto na nyutro. Nyutro na ethi iwe volti chache tu. Moto na ethi ikisoma karibu nusu, waya wa ethi haujafika ardhini. Ndiyo hali ile ya mtu kugusa kasha la kompyuta akiwa peku akahisi vidole vinasisimka. Wengi wameizoea wakidhani kompyuta zote ziko hivyo. Sivyo. Ethi ichimbiwe upya kabla hujaweka mashine yenye maji ndani.

Pawa saplai isome kwa macho yako pembeni pale penye kibandiko. Nyingine zimeandikwa 200–240V, nyingine 100–240V. Kwa huku chukua ya pili, hata kama ni ghali zaidi, kwa sababu umeme ukishuka ghafla inaendelea kupumua. Nitalirudia hili mbele kwa kisa kilichonigharimu siku kumi na moja.

UPS, yaani betri ya akiba ya umeme ukikatika, nayo isomwe kwa wati. Maandishi makubwa ya 1000 VA mara nyingi yana maana ya wati 600 tu. Chagua yenye kurekebisha volti yenyewe, na inayotoa wimbi safi la umeme. Zile zinazotoa wimbi la ngazi hugombana na baadhi ya pawa saplai za kisasa, na umeme unapokatika kompyuta inazima vilevile ilhali UPS inalia.

Mwisho wa habari ya chumba: usiweke mashine dirishani panapopuliza upepo wa bahari. Kusi likivuma miezi ya katikati ya mwaka hubeba chumvi mpaka ndani, na chumvi ikikutana na unyevu hula mapezi ya rejeta, miguu ya RAM na vichwa vya skrubu. Nimeona skrubu za madabodi zikiota kutu ya kijani ndani ya mwaka mmoja, nyumba ikiwa mita chache kutoka ufukweni.

Hesabu ya joto

Chukua mfano wa mashine ya mtumba ambayo vijana wengi wanaitafuta: prosesa ya Ryzen 7 5800X na kadi ya RTX 3080. Prosesa hiyo imeandikwa wati 105 lakini inaruhusiwa kufika 142. Kadi ni wati 320. Jumla 462, na karibu zote zinaishia kwenye maji.

Kadirio tunalotumia mafundi ni kwamba kila kipande cha rejeta chenye upana wa feni moja ya milimita 120 kinaondoa wati 90 hadi 100, feni zikienda mwendo wa wastani na maji yakiwa nyuzi 10 juu ya hewa. Kwa hiyo mashine hii inataka vipande vitano: rejeta moja ya 360 na nyingine ya 240. Mtu wa nchi ya baridi angeweza kujibana kwa rejeta ya 360 peke yake, maji yakapanda nyuzi 15 juu ya hewa na bado yakawa 36. Sisi tukifanya hivyo tunafika 48, na pampu ya aina ya D5 ukomo wake ni maji ya nyuzi 60. Usiishi karibu na ukomo. Lenga maji yasizidi 45 siku ya joto kali.

Watu hubishana sana kama maji yaanzie kwenye prosesa au kwenye kadi. Usipoteze usiku kwa hilo. Maji yakizunguka lita 3 kwa dakika, wati 462 huyapandisha nyuzi 2 na kidogo tu tangu yatoke kwenye rejeta mpaka yarudi. Panga njia iliyo fupi na isiyokunjana. Mpangilio mmoja tu ndio wa lazima: tangi liwe kabla ya pampu na juu yake, ili pampu isikose maji.

Nimewahi kuulizwa kama mtu anaweza kutia barafu kwenye tangi. Angalia glasi ya maji baridi mezani kwako: ndani ya dakika tano inatokwa jasho. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi kiasi kwamba kitu chochote kilichopoa chini ya nyuzi 24 au 25 kinaanza kulowa. Ukiyapoza maji kuliko hewa, jasho hilo litakuwa nyuma ya prosesa, mahali usipoliona. Maji ya kawaida ya mzunguko hayana hatari hiyo kwa sababu daima yana joto kuliko chumba.

Vifaa

Bloku, yaani vipande vya metali vinavyokaa juu ya prosesa na kadi na kupitishiwa maji, ziwe za shaba, zilizopakwa nikeli au zisizopakwa, na rejeta iwe ya shaba pia. Usichanganye na alumini hata fitingi moja. Metali hizo mbili ndani ya maji yale yale hufanya kama betri, alumini inaliwa, na uji wa kijivu unaziba njia nyembamba za bloku. Rejeta za bei ya chini mara nyingi ni alumini. Zipime kwa mkono, maana alumini ni nyepesi mno, na muulize muuzaji akuandikie kwenye risiti.

Mpira chagua wa EPDM, mweusi, laini. Mabomba magumu ya kung'aa yanapendeza kwenye picha, ila kuyakunja kunataka bunduki ya joto na uvumilivu, na yale ya plastiki ya PETG hulegea maji yakipata joto sana. Mpira mweusi hautoi ute mweupe kama mipira ya plastiki inayoonyesha ndani. Fitingi (viungio vya mipira) zote ziwe na nyuzi za skrubu za aina ya G1/4, na kipimo chake kilingane na mpira: mpira wenye ndani milimita 10 na nje 16 unataka fitingi ya 10/16, haishikiki na nyingine.

Bodi, prosesa na kadi utavipata Kariakoo, na mizigo inasafiri kwa basi kilomita 560 hivi. Mwombe anayekufungia atoe kioo cha kasha akifunge peke yake kati ya mablanketi au maboksi. Vifaa vya maji vyenyewe mara nyingi huagizwa nje ya nchi na huchukua wiki. Kwa hiyo agiza ziada mara moja: fitingi mbili, oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) kumi, mita moja ya mpira, na pesti ya prosesa. Oringi moja iliyokatika inaweza kukuweka mwezi mzima bila mashine.

Jenga kavu

Weka madabodi mezani juu ya boksi lake. Funga prosesa, RAM, diski, na kipoozeo cha hewa, hata cha kuazima. Kadi ibaki na feni zake za kiwandani. Weka Windows, sasisha BIOS (programu ya msingi iliyo ndani ya madabodi), kisha itese.

Usiku wa kwanza ni wa RAM. Washa kwa MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye fleshi na uiache izunguke mara nne. Kosa moja ni kosa. Usijiambie ni bahati mbaya. Siku ya pili tumia OCCT, programu ya kuipa mashine mzigo mzito: saa moja prosesa peke yake, saa moja kadi peke yake, kisha vyote viwili kwa pamoja. Siku ya tatu cheza gemu lako jioni, muda ule ule umeme wa mtaani unapochoka.

Wenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zile zenye nguvu, hapa ndipo pa kuwa macho. Zilikuwa na hitilafu ya kujipandishia volti mpaka zinachakaa, na Intel ilitoa marekebisho ya BIOS kuanzia Agosti 2024 na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Ukinunua ya mtumba, sasisha BIOS kabla ya jaribio lolote. Marekebisho huzuia uharibifu mpya, ila hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Dalili yake ni gemu kujifunga zenyewe na kulalamika kwamba kumbukumbu ya kadi haitoshi wakati ipo tele.

Mashine ikipita siku hizo tatu, unajua kitu ambacho wengi hawakijui: kwamba vifaa ni vizima. Ikianza kuzimika baada ya maji, utatafuta kwenye maji na vilivyoguswa tu.

Maji na kuosha rejeta

Rejeta mpya ina mabaki ya dawa ya kulehemu ndani. Jaza maji moto yaliyochujwa kwa mvuke nusu ya rejeta, ziba, tikisa dakika mbili, mwaga kupitia kitambaa cheupe. Mara ya kwanza utaona vijichembe na rangi ya chai. Rudia mpaka kitambaa kibaki cheupe. Kwangu huchukua mara tatu hadi tano.

Maji hayo kwetu huitwa maji ya betri, na hapo kuna mtego. Ukienda kwenye duka la spea ukasema "nipe maji ya betri," unaweza kupewa vitu viwili tofauti kwenye chupa zinazofanana: maji safi ya kuongezea, au asidi ya kujazia betri mpya. Asidi itaharibu nikeli ya bloku na ngozi yako. Soma kibandiko, na hata ukisoma, fanya jaribio hili nyumbani: mimina kijiko kimoja kwenye kikombe cha glasi, nyunyiza magadi soda kidogo. Yakitoa mapovu, ni asidi. Yakitulia, endelea.

Maji ya kisima ya huku yana chumvi, ya chupa ya kunywa yana madini, ya mvua yamepita kwenye bati. Yote hayafai. Kwenye maji yaliyochujwa changanya dawa maalumu ya mizunguko ya kompyuta inayozuia kutu na kuua mwani, kwa kipimo cha kwenye chupa yake. Kulanti ya gari iache garini. Nyingi ina sumu yenye ladha tamu, na nyumba zetu zina watoto na paka.

Bloku na mipira

Kwenye bloku mpya kuna karatasi laini ya kulinda shaba, wakati mwingine ni angavu kama haipo. Itoe. Weka pesti kiasi cha punje ya mchele mkubwa katikati ya prosesa, au kidogo zaidi kwa prosesa pana, kisha kaza skrubu kwa kuvuka: hii kidogo, ya pembe ya pili kidogo, mpaka zote zifike pamoja. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, bloku inainama na upande wa pili unabaki na hewa.

Kadi ya grafiki inataka utulivu zaidi. Vipande laini vya kupitisha joto vina unene tofauti kwa chipu za kumbukumbu na kwa saketi ya umeme. Fuata mchoro wa bloku, milimita kwa milimita. Kipande kinene kupita kiasi kinainua bloku na chipu kuu inakosa kuguswa.

Mipira ikate kwa kisu kikali, mraba kabisa. Lowesha ncha kwa tone la maji yale yale uliyoyatayarisha, sukuma mpaka ifike chini, kaza pete kwa mkono. Usitumie spana kwenye tangi la akriliki. Linapasuka ufa mwembamba unaoanza kuvuja baada ya wiki. Mahali pa chini kabisa weka tawi lenye koki ya kumwagia. Wengi huiona ni gharama ya bure mpaka siku ya kubadilisha maji.

Kujaza na kujaribu uvujaji

Ondoa nyaya zote za pawa saplai kwenye madabodi, prosesa na kadi. Iache pampu peke yake. Pawa saplai iwashwe kwa kiunganishi kidogo kinachokuja na pampu nyingi, kinachovaa kwenye plagi ya pini 24. Wenye waya za rangi huunganisha wa kijani na mweusi wowote. Kama waya zako zote ni nyeusi, usibahatishe.

Tandika tishu nyeupe chini ya kila fitingi. Jaza tangi, washa pampu, maji yakishuka zima mara moja, jaza tena, washa. Pampu isizunguke kavu hata sekunde kumi, kwa sababu maji ndiyo mafuta yake. Mzunguko ukijaa, inamisha kasha mbele, nyuma, kulia, kushoto, taratibu, ukisikiliza. Hewa ina sauti kama mtu anayemimina uji kwenye bakuli. Ikinyamaza, acha pampu izunguke saa 24 na ukague tishu kwa kidole. Umeme ukikatika katikati, hesabu upya tangu utakaporudi.

Ikivuja wakati imeunganishwa kikamilifu: zima ukutani kwanza, kisha mengine. Toa kadi na RAM, suuza palipolowa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99, na uache feni ikipuliza siku mbili. Hewa yetu haikaushi haraka, usiwe na pupa.

Kuwasha

Pampu ichukue umeme wake moja kwa moja kutoka pawa saplai. D5 inaweza kula wati 23, na kichwa cha feni cha madabodi kwa kawaida kinatoa 12 tu. Waya wa kupima mwendo ndio uende kwenye kichwa cha feni ya prosesa, ili mashine igome kuwaka pampu ikifa.

Fungua HWiNFO, programu inayoonyesha joto la kila kifaa, na utazame. Prosesa ikipanda hadi 90 ndani ya dakika moja tu ya kukaa bure, zima. Pampu haizunguki, au karatasi ya bloku imebaki, au kuna hewa kwenye bloku. Ikiwa imetulia, ipe mzigo na usubiri nusu saa, kwani maji hupanda polepole na namba ya dakika ya tano haikuambii kitu. Kwenye kadi, tazama tofauti kati ya joto la wastani na la sehemu ya moto zaidi. Ikizidi nyuzi 20 au 25, bloku haijakaa sawa. Kumbukumbu ya RTX 3080 hujipunguza mwendo ikifika 110. Ukiiona juu ya 95 ukiwa na maji, rudi kwenye vile vipande laini.

Inapozimika

Chukua daftari. Andika saa, gemu gani, dakika ngapi tangu kuanza, joto la maji, na namna ilivyokufa. Namna ya kufa ndiyo shahidi wako mkuu.

Ikizima kama imechomolewa ukutani, bila skrini ya bluu, fungua Event Viewer ya Windows na utafute tukio 41 la Kernel-Power. Peke yake linasema tu kwamba mashine ilizima bila kuaga. Namba ya kosa iliyo ndani yake ikiwa sifuri, shuku mambo mawili: umeme au joto lililopita ukomo. Kuyatenganisha ni rahisi kama HWiNFO ilikuwa ikiandika kumbukumbu kwenye faili. Mstari wa mwisho kabla ya giza ukionyesha prosesa 70 na maji 42, joto halina hatia.

Ikileta skrini ya bluu, nakili neno lake. MEMORY_MANAGEMENT inakupeleka kwenye RAM: zima XMP au EXPO (mpangilio wa kuongeza mwendo wa RAM) kwenye BIOS na ujaribu tena. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR mara nyingi ni prosesa iliyoongezwa mwendo au kupunguzwa volti kupita kiasi. Rudisha kila kitu cha BIOS kwenye hali ya kiwandani kabla ya kumtuhumu mtu.

Gemu likijifunga lenyewe na Windows ikabaki salama, tafuta tukio 4101, la draiva ya kadi kuacha kujibu. Futa draiva kwa DDU (programu ya kuiondoa kabisa) ukiwa kwenye hali salama ya Windows, weka upya. Ikiendelea, jaribu gemu jingine kabla ya kufungua kasha. Skrini ikiwa nyeusi huku feni zikinguruma kwa nguvu zote, kadi imepoteza umeme au imechemka: kila tundu la pini 8 lipewe waya wake kutoka pawa saplai, usigawe mmoja wenye vichwa viwili, na plagi mpya za pini 16 zisukumwe mpaka mwisho, pasionekane mwanya.

Muda nao unasema. Kufa ndani ya sekunde chache za mzigo ni umeme, au RAM, au bloku isiyoshika. Kufa baada ya dakika 30 au 40, kila mara karibu muda ule ule, ndiyo alama ya maji yaliyolemewa, na hapo tu ndipo uyashuku. Kisha rudia majaribio yale ya OCCT. Prosesa peke yake ikipita, kadi peke yake ikipita, zote pamoja zikaanguka, umebakiwa na umeme na rejeta tu.

Sasa kile kisa. Mpwa wangu wa Mikindani nilimjengea mashine kama hiyo ya mfano, ila pawa saplai alikuwa nayo tayari. Baada ya wiki mbili akapiga simu jioni. "Shikamoo mjomba. Imezima tena, kama juzi." Nilimwaga maji, nikafungua bloku zote mbili, nikabadilisha pesti, nikafunga. Ikapita majaribio yote mchana kwangu. Ikarudi Mikindani, ikazima. Nilifanya hivyo mara tatu ndani ya siku kumi, kwa sababu nilikuwa nimeamini ni maji.

Siku ya kumi na moja nilikwenda kwake na mita badala ya bisibisi. Chumba chake kiko uani, na umeme unafika kwa ekstensheni ndefu kutoka jikoni, soketi moja na friji. Niliweka mita kwenye ekstensheni, akaanza gemu. Ikasoma 211. Ikashuka 206. Tukakaa kimya tukisikiliza jikoni. Friji ikagonga, *tak*, mita ikaruka hadi 168, skrini ikawa nyeusi, na feni zikasimama polepole mbele yetu. Ilikuwa saa moja na dakika kumi na mbili jioni. Nilifungua plagi ya ekstensheni: skrubu ya waya wa moto ilikuwa imelegea, plastiki yake imeungua rangi ya korosho iliyokaangwa. Na pawa saplai, nilipoigeuza, ilikuwa imeandikwa 200–240V.

Fundi umeme alivuta waya mnene wa peke yake mpaka chumbani, tukabadilisha pawa saplai. Mita siku ile ile usiku, friji ikiwaka, haikushuka chini ya 219. Maji niliyoyamwaga mara tatu hayakuwa na kosa lolote.

Kisa cha pili ni kifupi, na ni cha pwani hasa. Mashine iliyokaa miezi minane karibu na bahari ilianza kutoa makosa kwenye MemTest86. RAM ilikuwa nzima. Miguu yake ya dhahabu ilikuwa imefifia, ina utando kama pumzi kwenye kioo. Nilisugua taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, nikapangusa kwa spiriti, nikairudisha. Makosa yakaisha. Fanya hivi kabla ya kununua RAM nyingine.

Na badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukizima EXPO, ukaweka draiva mpya na kubadilisha waya usiku mmoja, mashine ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi, na ugonjwa ukirudi utaanza upya.

Matunzo

Kila mwezi wa kusi, futa mapezi ya rejeta kwa brashi laini ikiwa imezimwa, usipulize chumvi iingie ndani. Tazama tangi: maji yakishuka milimita chache kwa miezi ni mvuke kupitia mpira, yakishuka kwa wiki ni uvujaji. Rangi ya maji ikigeuka kijani kibichi ni mwani, ikigeuka kijivu ni metali inaliwa; kwa vyovyote mwaga, suuza, na ufungue bloku uone njia zake. Bila dalili hizo, badilisha maji kila mwaka mmoja.

Zile oringi na fitingi za ziada zitie kwenye kopo la kufunga kabisa, pamoja na vifuko vile vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Andika tarehe juu ya kopo, na liweke mbali na dirisha.